Mkiitaka medali, ichukueni na pingu zake

Mwenzenu nipo, mzima, ila insha tatu zimenibana na baridi ya huku nimeshaisema mpaka mmechoka kuisikia. Leo sina habari za msosi wala za vituko vya bwenini. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nitalisema hapa, maana hapa ni kwangu.

Rafiki yangu mmoja tunaishi naye nyumba moja, Mwingereza wa huku huku kaskazini. Ukoo wao unaandaa kijitabu cha historia ya familia, kitagawiwa wakikutana kiangazi. Kwa mjomba wake sebuleni kuna medali ya vita vya Crimea, ile yenye utepe wa buluu iliyopauka na kingo za njano, imewekwa kwenye fremu na kioo juu. Jina la mzee limechorwa ukingoni. Kila wakikutana lazima itajwe: shujaa wetu, askari wa Malkia Victoria, na kadhalika. Sasa rafiki yangu, kwa kuwa ndiye msomi wao wa chuo kikuu, akapewa kazi ya kumtafuta huyo mzee kwenye nyaraka. Vizazi vitano nyuma yake.

Akamtafuta, akampata. Tatizo ni kwamba amempata mno. Kampata jeshini, halafu kampata jela.

Mjomba akasoma rasimu akasema ukurasa wa jeshi uingie, wa jela utoke. Eti “kwani lazima?” Mama yake naye kaunga mkono, kwa sababu bibi ni mzee sana na hataki asumbuliwe. Mimi nasema lazima. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza acha niwaambie alivyompata, maana hapo ndipo utamu wenyewe ulipo na ndipo hoja ya mjomba inapovunjikia.

Wengi tunadhani mtu ukishajua babu yako alikuwa askari wa Uingereza zama zile, unakwenda Nyaraka za Taifa pale Kew, London, unafunguliwa faili, kwisha. Si hivyo. Zipo karatasi za askari za kuachishwa jeshi, zimepangwa kwenye mfululizo unaoitwa WO 97, kuanzia 1760 hadi 1913. Lakini kwa walioacha jeshi kabla ya 1883, karatasi zilizomo ni hasa za wale waliotoka na pensheni. Kama ulifia vitani, kama ulitoroka, kama ulipunguzwa kabla hujatimiza miaka ya pensheni, usijitafute humo. Yaani jeshi liliweka karatasi zako kama lilikuwa bado linakudai au linakulipa. Basi.

Mzee wetu hayumo. Alijiunga 1853 akiwa na miaka 18, kwenye kikosi cha askari wa miguu. Tangu 1847 mkataba wa askari wa miguu ulikuwa miaka kumi. Vita vikaisha 1856, jeshi likapunguzwa, naye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Pensheni hana. Kwa hiyo rafiki yangu alilazimika kushuka kwenye madaftari ya mahudhurio na malipo ya kikosi, mfululizo wa WO 12. Hayo ni madaftari makubwa, mistari imebanana, mwandiko wa kalamu ya wino, kila askari anatajwa kila kipindi cha malipo: yupo, hayupo, anaumwa, kakatwa mshahara. Alikaa nayo siku mbili mpaka macho yakawa mekundu. Nilimwambia hiyo si utafiti, ni adhabu.

Ila alimkuta. Yuko Crimea mwaka 1854. Halafu mwishoni mwa mwaka huo jina lake lina neno moja pembeni: Scutari. Ndiyo ile hospitali ya ng'ambo ya Istanbul aliyofika Florence Nightingale tarehe 4 Novemba 1854, na kesho yake tarehe 5 ndiyo yakawa mapigano ya Inkerman. Kwenye orodha za majeruhi zilizochapishwa gazetini jina kama lake limo, amejeruhiwa kidogo. Sema sasa jina lenyewe ni la kawaida kabisa, lile ambalo ukiita stendi wanageuka watu kumi. Je, ni yeye au ni mwingine? Na tukumbuke wako vijana waliojiandikisha jeshini kwa majina ya uongo, wengine kwa umri wa uongo. Medali ina jina tu. Haina uso, haina kimo.

Anayejua kimo ni nani? Bwana jela.

Na hapa ndipo nilipoketi nikacheka peke yangu. Mwaka 1863 mtu mwenye jina hilo hilo alishtakiwa kwa wizi wa kuingia nyumbani mwa mtu. Gazeti la mji liliandika kesi kwa mistari kama kumi na mbili hivi, ikiwemo kwamba mshtakiwa alidai alikuwa Sevastopol na akaomba ahurumiwe. Hakuhurumiwa, kwa sababu alikuwa na kosa la nyuma. Akapewa miaka sita ya kifungo na kazi ngumu. Alipoachiwa kwa masharti 1867, serikali ilitunza hati yake ya kuachiwa. Hati za wanaume za aina hiyo, za 1853 hadi 1887, ziko kwenye mfululizo wa PCOM 3 hapo hapo Kew. Mimi nilidhani itakuwa kikaratasi. Kumbe ni maisha ya mtu yamekunjwa.

Urefu: futi tano na inchi tano. Macho ya kijivu. Nywele za kahawia. Kazi: fundi viatu. Kusoma na kuandika: kwa shida. Ndugu wa karibu: dada, na jina la mtaa anaoishi, mtaa ule ule ambao sensa ya 1861 inamkuta dada huyo na mumewe. Halafu kwenye alama za mwili: kovu la risasi chini ya goti la kushoto.

Soma tena hapo. Kovu la risasi chini ya goti la kushoto.

Mjomba ana medali ukutani, ana hadithi za Krismasi, lakini kitu pekee kinachothibitisha kwamba yule wa Inkerman ndiye huyu wao, na si mwingine mwenye jina lake, ni mstari mmoja ulioandikwa na watu wa magereza. Shahidi wa ushujaa wa mzee ni aliyemvua shati gerezani akamkagua kama ng'ombe wa mnadani. Ukiutoa ukurasa wa jela, ukurasa wa jeshi nao unabaki unaning'inia. Utaandika nini hapo? “Inasemekana”?

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza si ya maadili hata kidogo, ni ya ushahidi. Kurasa hizo mbili ni ukurasa mmoja.

Ya pili ni kwamba zama zile jeshi na jela havikuwa mbali kama mjomba anavyofikiri. Askari mtoro akikamatwa alifikishwa mahakama ya kijeshi, na mpaka 1871 aliweza kutiwa alama ya herufi D ubavuni, chini kidogo ya kwapa la kushoto, kwa wino au baruti ili isifutike. Aliyefukuzwa kwa tabia mbaya alitiwa BC. Yaani jeshi lenyewe lilikuwa linaandika faili la jela kwenye ngozi ya mtu. Viboko ndio usiseme. Mwaka 1846 askari mmoja wa farasi, Frederick John White, alifariki Hounslow baada ya kuchapwa, kukawa na zogo kubwa, na mwaka huo huo idadi ikawekewa kikomo cha viboko 50. Hamsini ndiyo ilikuwa huruma! Viboko jeshini vilifutwa kabisa 1881.

Halafu kuna hili ambalo nililipenda kuliko yote. Australia ya Magharibi ilipokea wafungwa kutoka Uingereza kati ya 1850 na 1868, wanaume watupu, karibu elfu kumi. Melini walilindwa na nani? Na askari wastaafu wenye pensheni, waliopewa safari ile pamoja na wake na watoto wao wakaanze maisha mapya huko. Sasa wewe fikiria meli moja, miezi mitatu baharini. Sitahani kuna askari wa zamani mwenye bunduki, chini ya sitaha kuna askari wa zamani mwenye pingu. Kilichowatenga si lazima kiwe ushujaa. Wakati mwingine ni miaka ya utumishi tu: mmoja alitimiza miaka ya pensheni, mwingine alipunguzwa kabla. Mzee wetu hakupelekwa Australia, yeye alipitia Millbank, lile gereza la London ambalo mahali pake leo pana jumba la sanaa la Tate, kisha akapelekwa Portland kuvunja mawe ya kujengea ukuta wa bahari. Ila angeweza kuwa upande wowote wa ile sitaha.

Meli ya mwisho ya wafungwa kwenda Australia, Hougoumont, ilitia nanga Fremantle mwezi Januari 1868. Ndani yake walikuwamo Waayalandi 62 wa Fenian, waliotaka Ireland iwe jamhuri, na kati yao 17 walikuwa askari wa jeshi la Uingereza walioapa kiapo cha siri. Mmoja ni John Boyle O'Reilly wa kikosi cha farasi cha 10th Hussars, aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi Dublin 1866. Serikali ilipotoa misamaha 1869 na 1871, waliosamehewa ni raia. Waliokuwa askari wakaachwa ndani, kwa sababu kwa askari kosa lile lilihesabiwa zito zaidi. O'Reilly hakungoja msamaha, alitoroka 1869 kwa meli ya Kimarekani ya kuvulia nyangumi na akawa mhariri wa gazeti Boston. Wengine sita walichukuliwa na meli ya Catalpa mwezi Aprili 1876, baada ya wenzao wa Marekani kuchanga fedha na kuinunua kwa kazi hiyo tu. Nani leo ataandika maisha ya O'Reilly akaacha jela nje? Ataandika nini sasa, kwamba kijana alijiunga na jeshi kisha ghafla yuko Boston?

Najua mtaniambia O'Reilly alifungwa kwa ajili ya siasa, na huyu mzee ni mwizi. Kweli. Na hapa nina ugomvi na upande wa pili wa ukoo, maana kuna binamu kadhaa wamefurahia habari ya jela kupita kiasi. Wao wanataka aandikwe kama maskini aliyeiba mkate kwa njaa, askari aliyetelekezwa na taifa. Hadithi tamu, lakini gazeti linasema aliiba saa, vijiko sita na koti. Koti lenyewe lilikuwa la marehemu, mume wa mjane aliyekuwa na nyumba. Mjane alisimama mahakamani akalitambua. Na halikuwa kosa lake la kwanza. Kama mnataka kuandika njaa, tafuteni ushahidi wa njaa. Mimi ningeandika koti la mjane, na jina la mjane, kwa sababu naye yumo kwenye hiyo karatasi na hakuna ukoo unaomtafuta.

Ndiyo maana nasema faili la jela lisomwe kwa akili. Makovu yake ninayaamini, tabia yake siiamini sana. Karani hakuwa na sababu ya kudanganya kuhusu goti, ilibidi mtu atambulike akitoroka. Hata picha hawakuwa nayo, sheria ya kuwapiga picha wafungwa ilikuja 1871, kwa hiyo kovu ndiyo ilikuwa pasipoti. Lakini neno kama “tabia mbaya” linasema nani alikuwa na kalamu. Kwenye ukurasa wa mzee kuna adhabu moja tu kwa miaka yote ile: mkate na maji kwa kuongea na mfungwa mwenzake. Kuongea! Miezi ya mwanzo ya kifungo ilikuwa ya kukaa peke yako chumbani, kimya, na kufanya kazi kimya. Mtu aliyetoka Inkerman na Scutari, miezi kadhaa bila kusema na mtu, akateleza akasema neno, likaandikwa. Mimi hilo kwangu si doa. Mjomba aliposoma hapo, kwa maelezo ya rafiki yangu, alinyamaza kidogo. Halafu akasema bado haliingii.

Australia walishapita njia hii. Zamani familia nyingi zilificha kabisa kwamba babu yao aliletwa na pingu. Koloni la Van Diemen's Land lilibadilisha hata jina likawa Tasmania 1856, na sababu mojawapo ilikuwa kujivua harufu ya ufungwa. Leo watu wanashindana nani ana mfungwa wa zamani zaidi kwenye ukoo, na 2007 UNESCO iliingiza kumbukumbu za wafungwa wa Australia kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Sisemi Waingereza nao waanze kujivunia vijiko sita. Nasema aibu ya miaka 160 ni ya nani hasa? Bibi mwenyewe hajaulizwa. Wamemwamulia tu. Nami nimewahi kukaa naye chai mara moja, ni mama mkavu, anasoma vitabu vya mauaji kila usiku. Nadhani atataka kujua vijiko vilikuwa vya fedha au vya bati.

Sasa mtauliza, wewe mtoto wa watu kutoka Tanzania hayo yanakuhusu nini. Yananihusu hivi. Kwetu yupo mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye vita vya 1914 hadi 1918. Alikwenda, hakurudi. Tunajua hivyo kwa mdomo wa bibi, na bibi alijua kwa mdomo wa mama yake. Jina la Kariakoo mnalijua limetoka wapi, ni hao Carrier Corps. Mnara wa Askari pale Dar, uliosimamishwa 1927, unawataja wapagazi kwa jumla, majina hayapo. Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati.

Dola ile ile, wadau. Mwaka 1867 inaandika kovu la chini ya goti la mwizi wa vijiko mpaka upande gani. Miaka hamsini baadaye mtu anakufa njiani akiibebea risasi zake na haiandiki hata aliitwa nani. Mimi ningetoa nini kupata ukurasa mmoja wa mzee wetu! Uwe wa jela, uwe wa viboko, uwe unamwita mvivu na mwongo, mradi useme alikuwa na urefu gani na dada yake aliishi wapi. Halafu mtu anao ukurasa mkononi, umekamilika, anataka kuutoa kwa kuwa hautapendeza mbele ya keki.

Ndiyo, najua kijitabu ni chao na mimi ni mpangaji mwenzie tu. Nimemwambia rafiki yangu aandike kurasa zote mbili ziwe moja kweli, sentensi ya Inkerman iingie na kovu, sentensi ya kovu iingie na Portland, ili anayetaka kukata ashindwe pa kuweka mkasi. Ameanza.

Kwa wale walioniuliza wiki iliyopita, walio huku na marafiki wenye wazee wa namna hii: anzeni na vya bure. Kesi za Old Bailey za London kuanzia 1674 hadi 1913 zote ziko kwenye intaneti, na tovuti ya Digital Panopticon inaunganisha maisha ya wafungwa takriban 90,000 waliohukumiwa hapo. Kama mtu wako hakushtakiwa London, nenda kwenye madaftari ya makosa ya England na Wales ya 1805 hadi 1892, yanaitwa HO 27, yatakupa tarehe na mahakama, halafu ndipo utafute gazeti la mji huo. Kew kitambulisho cha msomaji ni bure, nenda na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Na beba chakula chako.

Nalala. Kesho nina semina saa tatu asubuhi na kitabu chenyewe bado sijakifungua.